Maswali Yenu: Spidomita Inasema 80, Simu Inasema 76

SWALI: Ndugu Mhariri, nina gari dogo kutoka Japani lililokuja na tairi za 195/65R15. Miezi mitano iliyopita nilifunga 205/65R15 ili liinuke kidogo, kwa kuwa njia ya kuingia nyumbani ina mawe. Tangu hapo, mshale ukisimama kwenye 80, simu husema 76. Tena gari lililokuwa likienda kilomita 12.5 kwa lita sasa linakwenda 12.2, na fundi ananishauri nibadilishe plagi. Kipi kinanidanganya: simu, spidomita au odomita? Na askari wa tochi, yule mwenye kifaa cha kupima mwendo barabarani, atasoma namba ipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, plagi ziache kwanza. Spidomita, yaani mshale wa mwendo, na odomita, yaani namba inayohesabu kilomita, hukaa kwenye dashibodi moja na zote mbili hutegemea mzunguko wa gurudumu, lakini hazikuwekwa kwa nia moja, na ndiyo maana haifai kuzipima kana kwamba ni chombo kimoja. Odomita hukusudiwa kusoma karibu na ukweli kadiri inavyowezekana, ilhali spidomita huwekwa makusudi isome zaidi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, Japani ikiwemo, hairuhusu spidomita ya gari dogo isome chini ya mwendo halisi hata kidogo, ila inairuhusu izidishe kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo huo pamoja na kilomita 4 kwa saa. Gari likienda 80 kamili, mshale unaweza kuonyesha hadi 92 na bado uwe ndani ya kanuni. Kwa hiyo 80 ya mshale na 76 ya simu si ugonjwa, na simu, inayopima mwendo kwa satelaiti, mradi mwendo ni wa kutulia na anga iko wazi, ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Sasa tuje kwenye tairi. Ringi ya inchi 15 ni milimita 381. Tairi ya 195/65 ina upana wa milimita 195 na ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 126.75 juu na kiasi hichohicho chini, hivyo kipenyo chake chote ni milimita 634.5. Kwa 205/65 kipenyo ni 647.5. Gurudumu jipya limezidi kwa milimita 13, sawa na asilimia 2, nalo katika kila mzunguko husukuma gari mbele zaidi ya dashibodi inavyodhani. Kila mara odomita inapohesabu kilomita 100, wewe umeshakwenda 102. Chukua ile 12.2 yako uiongezee asilimia 2: unapata karibu 12.5 ileile ya zamani. Gari lako halijaanza kula mafuta. Linahesabiwa kilomita pungufu.

Usiniamini kwa hesabu ya karatasi tu. Tafuta kipande cha barabara kuu chenye nguzo za kilomita, mchukue mtu wa kukaa nawe, rudisha hesabu ya safari kwenye sifuri mnapopita nguzo ya kwanza, kisha msome tena baada ya kilomita 20. Ikiwa hesabu yangu ni sahihi, odomita itaonyesha karibu 19.6. Msitumie kilomita moja au mbili, kwa sababu nguzo nyingine zimesogezwa na matengenezo ya barabara, na odomita inayosonga kwa sehemu ya kumi haina usahihi wa kutosha kwa umbali mfupi. Spidomita ipimeni kwa sekunde: shikilia mshale kwenye 80 pale sheria inaporuhusu, na mwenzako ahesabu muda wa kilomita 5. Kwa mwendo wa 80 halisi ni dakika 3 na sekunde 45. Kwa 76 ni karibu dakika 3 na sekunde 57. Anayehesabu asiwe dereva, na anayesoma mshale asiwe abiria, kwa kuwa mshale ukitazamwa kwa upande huonekana umekaa pengine.

Njia ninayoipenda mimi ni ya chaki. Nilijaza upepo unaotakiwa, nikachora mstari kwenye ubavu wa tairi na mwingine sakafuni chini yake, nikamwomba kijana asukume gari taratibu hadi gurudumu lizunguke mara kumi, kisha nikapima umbali kwa utepe. Ukigawanya kwa kumi utapata pungufu kidogo ya hesabu ya karatasini, kwani tairi hubonyea kwa uzito wa gari. Rudia kila baada ya miezi kadhaa. Tairi mpya yenye meno ya milimita 8, ikilika hadi 1.6, hupoteza karibu milimita 13 za kipenyo, yaani ile tofauti yote uliyoinunua dukani. Kama ulizozitoa zilikuwa vipara, basi umezidisha karibu asilimia 4, si 2.

Askari wa tochi hupima gari lenyewe, dashibodi haimhusu. Kwa tairi zako za sasa mshale wa 50 ni kama 47 na nusu halisi, kwa hiyo bado una akiba. Lakini nakusihi usiendelee kupanda: ungefunga 215/70R15, akiba hiyo ingekwisha yote, na mshale wa 50 ungekuwa 50 kweli. Mahali ambapo watoto wanavuka kwenda shule, akiba ile si ya kuchezea.

SWALI: Gari langu lilitoka Uingereza. Odomita yasoma 62,000, na muuzaji alisema ni kilomita. Nitajuaje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa nguzo zilezile. Nenda kilomita 10 zilizopimwa. Ikiwa hesabu ya safari itasoma 6.2, basi inahesabu maili, na gari limeshatembea karibu kilomita 99,800. Ikisoma 10, kilomita ndizo zinazohesabiwa sasa, lakini chunguza pia vitabu vya sevisi na vyeti vya ukaguzi vya Uingereza, ambavyo huandika namba ya odomita kila gari linapokaguliwa, maana huenda dashibodi ilibadilishwa baada ya gari kuwasili. Na ikithibitika ni maili, ratiba ya mkanda wa injini na ya oili ya gia uihesabu kwa 99,800, si kwa 62,000.