Msisusie msimu mzima

Ndugu, umeuliza kama kundi lenu la mashabiki lisusie mechi zote kwa sababu uongozi umepandisha bei ya tiketi. Mimi singeanza huko. Viti vyenu vitanunuliwa na wengine, na nyinyi ndio mtakaokosa mpira.

Februari 2016, mashabiki wa Liverpool walichukizwa na mpango wa tiketi ya pauni 77. Hawakubaki nyumbani. Walijaa uwanjani kwao Anfield, na dakika ya 77 maelfu wakainuka wakatoka. Timu ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, ikaishia sare ya 2-2 (hilo hakuna aliyelipanga!). Siku chache baadaye wamiliki wakaufuta mpango. Dai lilikuwa moja, na lilikuwa na namba.

Nyinyi mnataka bei ishuke, kocha aondoke na mwenyekiti ajiuzulu, vyote kwa pamoja. Chagueni bei. Suala la mwenyekiti lipelekeni mkutano mkuu, ikiwa wanachama wana kura, kama klabu nyingi za Ujerumani chini ya kanuni ya 50+1, inayowaachia wanachama zaidi ya nusu ya kura. Barua ya bei itangulie kabla tiketi za msimu hazijaanza kuuzwa. Mkishalipa, hamna cha kuwabana nacho.