Kapimweni Nyote Wawili Kabla ya Sindano

Juzi shoga yangu mmoja wa Likoni alinipigia simu kuniuliza kama sindano za Kichina, zile kavu zisizo na dawa (akupancha), zinashikisha mimba. Tuliongea hadi salio likaisha na jibu halijakamilika. Namalizia hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Mimi nilianza sindano mwaka wa tatu wa ndoa. Nilikuwa nimechoka. Kila nikienda kwa mavyaa wangu Majengo, hakosi mtu wa kuniangalia tumbo kabla hajanipa mkono. Nikaelekezwa kwa mtaalamu mmoja upande wa Nyali, nikapanda tuktuk nikaenda. Nililazwa chali, feni inazunguka, akanichoma sindano nyembamba kama unywele: mbili chini ya kitovu, moja katikati ya nyusi, moja kila mguu, juu ya kifundo upande wa ndani. Haziumi kama sindano ya hospitali. Unasikia uzito, kama mguu unataka kufa ganzi, kisha joto linapanda taratibu. Siku hiyo nililala pale pale usingizi niliokuwa sijaupata kwa miezi.

Usingizi huo siukani, ulinifaa sana. Lakini mtaalamu aliniahidi kuwa miezi mitatu haitapita kabla sijashika mimba. Ikapita, na mwaka nao ukapita. Kila Jumamosi nalipa, na hakuna siku aliyoniuliza kama mume wangu amepimwa. Nami sikuuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulipofika kwa daktari wa uzazi, kipimo cha mbegu za mume wangu kikaonyesha ni chache. Alikuwa na mishipa iliyovimba juu ya korodani, wala haimuumi, asingejua. Mwaka mzima nachomwa mimi, na tatizo liko kwa mwenzangu.

Kwa hiyo dadangu, ukiwa chini ya miaka 35 na mmejaribu mwaka mzima bila kinga, nendeni hospitali. Ukiwa umefika 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Nyote wawili, siku moja ikiwezekana. Kwako wataangalia homoni, yai kama linapevuka, na mirija kwa eksirei ya dawa. Mirija iliyozibwa na klamidia ya zamani, ule ugonjwa wa zinaa, haizibuliwi na sindano wala na mizizi ya kuchemsha.

Nilisoma pia utafiti wenyewe. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya wanawake 848 wa Australia na New Zealand waliokuwa wakipandikizwa mimba. Wengine walichomwa sindano za kweli, wengine za kuigiza. Waliopata mtoto hai ni asilimia 18.3 kwa 17.8, yaani hakuna tofauti ya maana. China nako, mwaka 2017, wanawake 1,000 wenye ovari zenye vifuko vingi walifuatiliwa: kilichoongeza watoto ni vidonge vya klomifeni, dawa ya kupevusha yai, si sindano. Ukizitaka kwa ajili ya kutuliza roho na kulala, nenda kwa moyo mweupe. Ila zisiwe sababu ya kuahirisha daktari.

Chakula ndicho nilichokidharau. Damu yangu ilipopimwa ilikuwa 10.1, na kwa mwanamke asiye na mimba inatakiwa isipungue 12. Nilishangaa, maana mbaazi za nazi nakula, kunde nakula, mchicha haukosekani. Muuguzi akaniuliza swali moja tu: chai unakunywa saa ngapi? Kumbe ndiyo hiyo. Mahamri na mbaazi asubuhi, kikombe cha chai ya maziwa pembeni. Wali na kunde mchana, chai tena. Chai huzuia madini ya chuma ya mboga na nafaka yasiingie mwilini. Nikaisogeza mbele saa moja na nusu baada ya kula, na kwenye kunde nikawa nakamua ndimu au nakula pera juu yake, kwa sababu vitamini C inayavuta. Na vidonge vya chuma nikavimeza bila kuruka. Miezi mitatu damu ikapanda.

Vidonge vya asidi ya foliki, ile vitamini, usingoje mimba ndipo uvianze. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki 4 tangu mimba kutungwa, wakati wengi wetu bado tunahesabu siku. Maikrogramu 400 kila siku, anza tangu mnapoanza kujaribu, mpaka wiki ya 12.

Mume wangu alifanyiwa upasuaji mdogo, akaacha sigara, na muguka nao akauweka kando. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo vumilieni. Sisi mimba ilishika mwezi wa nane baada ya upasuaji.

Kwenye ujauzito nilimpisha papa, hata wa nazi ninayempenda, kwa ajili ya zebaki iliyo ndani ya samaki wakubwa kama yeye. Dagaa na tafi nikaendelea nao. Udongo wa kutafuna nilitamani sana nikajizuia, nao unadhoofisha damu. Kichefuchefu nilikituliza kwa tangawizi.

Mwezi wa saba nyonga zilinikaza nikawa siwezi kugeuka kitandani. Hapo nikarudi kwenye sindano, safari hii kwa mtu mwingine, na daktari wangu akijua. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2016 linazitaja kuwa mojawapo ya njia za kutuliza maumivu ya mgongo na nyonga kwa wajawazito, na kichefuchefu pia. Zilinisaidia kweli. Huyu alifungua pakiti mpya mbele yangu, na zile sehemu mbili, juu ya kifundo cha ndani na kati ya dole gumba na kidole cha shahada, hakuzigusa kabisa, kwa sababu wenye fani yao huziepuka kwa mjamzito. Basi ukienda, na siku zako zimechelewa hata tatu tu, mwambie kabla hajaifungua pakiti.