Namba ikishuka, usiamini haraka

Wewe uliyepangiwa kwenda kusafisha maji ya chini ya ardhi kwenye kiwanda cha zamani cha risasi za bunduki au karakana ya ndege za jeshi, kabla hujafungua ramani, watafute wazee waliofanya kazi pale. Waulize vipuri vilikuwa vikisafishiwa wapi, na kiyeyusho kikichakaa kilimwagwa wapi. Ramani inaonyesha majengo. Shimo la nyuma ya karakana analijua aliyekuwa akibeba ndoo.

Mara nyingi kilichokuwa ndani ya ndoo hiyo ni trikloroethilini, dawa ya kutoa grisi kwenye chuma. Ni nzito karibu mara moja na nusu ya maji, kwa hiyo haielei kama petroli. Huzama hadi ikutane na tabaka la udongo wa mfinyanzi, ikatuama juu yake, na kidogokidogo ikapenya ndani. Marekani inaruhusu mikrogramu 5 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu mwenyewe: lita moja ya dawa hiyo inatosha kufikisha lita zipatazo milioni 290 kwenye kikomo hicho. Mimi niliirudia hesabu hiyo mara tatu, nikidhani nimekosea sifuri.

Sampuli ndiyo kazi utakayopewa kwanza, na wengi huidharau. Kichupa ni cha mililita 40. Kiinamishe, maji yateremke polepole ukutani, yajae mpaka yavimbe juu ya mdomo, ndipo ufunge. Kigeuze kichwa chini, kigonge kwa kidole, utazame. Ukiona kiputo, tupa, anza upya: trikloroethilini hukimbilia hewani, na maabara itakuletea namba ndogo ilhali maji ni yaleyale.

Sasa pampu. Katika kituo kimoja tulivuta maji miaka kadhaa, tukayapitisha kwenye kichujio cha kaboni kinachonasa sumu, na namba zikashuka vizuri hadi chini ya kikomo. Tukazima. Miezi michache baadaye nikafungua matokeo ya kisima cha katikati: yamepanda tena, karibu na tulikoanzia. Iliniuma sana, maana majirani tulishawapa matumaini. Pampu ilikuwa imesafisha mchanga, maji yanakopita kwa wepesi. Sumu iliyopenya kwenye mfinyanzi kwa miongo ilikuwa inatoka taratibu, na tulipozima ikapata nafasi ya kujikusanya. Tangu hapo, kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba maji yamesafika, nazima pampu na kupima kwa misimu kadhaa. Nachukua pia udongo wa mfinyanzi wenyewe ukapimwe.

Njia nyingine ya kusafisha ni bakteria, nao wana mtego wao. Ukiwalisha mafuta ya mimea au molasi chini huko kusiko na oksijeni, huinyofoa sumu hiyo klorini moja baada ya nyingine: trikloroethilini inakuwa dikloroethilini, kisha vinili kloridi, mwisho ethilini isiyo na sumu kama hizo. Tatizo ni pale wanapokwama katikati. Vinili kloridi husababisha saratani, na kikomo chake Marekani ni mikrogramu 2. Ukipima trikloroethilini peke yake utaona imetoweka, ukapongezwa, kumbe kilichobaki kisimani ni kibaya zaidi. Kwenye fomu ya maabara andika zote nne, kutoka kisima kilekile, siku ileile.