Herufi E iliyokula wiki zangu tatu

Juzi nimemkuta kijana wetu mpya kaikodolea macho jeli yake ya kupima kama protini ya vidole vya zinki imeishika DNA; iliyoshikwa hubaki juu. DNA yote imekimbilia chini, juu hakuna bendi hata ya kusingizia. Nikamwuliza katumia bafa gani, yaani maji ya chumvi ya kuendeshea jeli. Jibu lake ndilo nililolitoa mimi miaka ile. Wadogo zangu, sogeeni hapa.

1. EDTA, kemikali inayonyakua ioni za metali, ni adui. Mnajua kidole cha zinki kinavyokaa: sisteini mbili na histidini mbili zinaishika ioni moja ya zinki, ndipo asidi amino kama 30 zinajikunja na heliksi inaingia kwenye mfereji mkubwa wa DNA. Ing'oe zinki, unabaki na uzi. Mimi nilikuwa na protini Zif268, vidole vitatu, na oligo, yaani kipande kifupi cha DNA, yenye GCGTGGGCG. Mfano wa darasani kabisa. Pavletich na Pabo walishauonyesha muundo wake mwaka 1991. Wiki tatu protini haikushika DNA. Nikalaumu oligo, nikaagiza nyingine. Nikalaumu bakteria wanaotutengenezea protini, nikakuza lita mbili upya. Nikalaumu umeme uliokatika usiku. Siku moja mama anayetuandalia bafa akaniuliza, huku anasuuza chupa:

"Mwanangu, jeli unaiendesha na nini?"

"TBE, mama."

"T ni nini?"

"Trisi."

"B?"

"Borati."

"E?"

Nikanyamaza. Yeye akaendelea kusuuza. Nilipofungua daftari, hata bafa ya kuunganishia, niliyoinakili kwa mtu wa protini nyingine kabisa, ilikuwa na EDTA milimola 5. Protini ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa naivua nguo. Nilikwenda kukaa chooni dakika kumi.

2. DTT, ile dawa ya kuzuia sisteini zisioksidike, nayo hung'ang'ania zinki; kwa kazi hiyohiyo tumieni TCEP. Timu ya Klug kule Cambridge ilipojihadhari na vitu vya namna hiyo, ndipo protini TFIIIA ya chura ikaonekana imebeba zinki tele, na mwaka 1985 wakaja na wazo la vidole tisa. Protini hiyohiyo hushika jeni ya 5S (RNA ya ribosomu) na RNA yake pia, lakini hayo tutaongea siku nyingine, nisije nikalala hapa.

3. Kidole cha kwanza hukaa upande wa 3′, yaani mwishoni mwa GCGTGGGCG. Acheni kuchora kinyume.

4. Ongezeni zinki kloridi kidogo. Nilimwambia hivyo yule kijana, akaenda mbio, akarudi na chupa nyeupe kama maji ya mchele. Kaimimina kwenye bafa ya fosfeti, na zinki ikikutana na fosfeti huganda.