Kuiweka Bandari FC kwenye gemu bila kukreki PS4

Yakhe nimekuelewa, wataka Bandari, klabu yetu ya Mombasa, iwe ndani ya gemu ya mpira na fundi akwambia umlipe aikreki PS4 yako, yaani avunje kufuli za programu yake. Usimpe hata shilingi, Sony wenye PS4 wakiinasa huifungia isiingie onlaini na hasara ni yako peke yako.

Ligi yetu ya Kenya haimo kwa sababu mambo ni leseni, na kila kitu kina mwenyewe, majina ya ligi, logo, jezi, wachezaji nao mara nyingi kupitia FIFPRO, chama cha wachezaji cha dunia. Hata Juventus kwenye FIFA 20 iliitwa Piemonte Calcio maana walikuwa wamesaini na Konami, wenye gemu pinzani ya PES! Kwetu tangu 2020 ligi iko kwa FKF, shirikisho la soka la Kenya, hao ndio wa kusukumwa waongee na makampuni ya gemu, na vijana wetu wastahili wallahi.

Kwa sasa tafuta CD ya PES 2021, ingia Edit, chukua timu usoitaka ubadilishe jina, picha za logo na jezi uzitie kwa flashi kwenye folda iitwayo WEPES, PS4 yazisoma. Wachezaji waandike mmoja mmoja, yachosha lakini yawezekana. Ukifanya mashindano ya kiingilio kwa logo yao, omba ruhusa ya klabu kwanza, na pesa zikiwa nyingi muone wakili.