Passo au IST? Jibu kwa anayetafuta gari dogo la mjini lililotumika

Mkuu, nimelisoma swali lako kwa makini, pamoja na majibu ya wachangiaji wengine. Umesema unaishi Goba, kwenye vilima na kipande cha barabara ya vumbi, na unafanya kazi Posta, hapa Dar es Salaam, familia yako ni ya watu wanne, una shilingi milioni 11, na tayari umeona magari mawili ya Toyota: Passo ya mwaka 2010 yenye injini ya cc 996 iliyopo yadi, na IST ya mwaka 2004 yenye cc 1,298 inayouzwa na mwenyewe ikiwa na namba za usajili za herufi D. Unachotaka kujua ni ipi inatumia mafuta kidogo zaidi. Nimewahi kuwa na Vitz ya zamani, nikahamia IST ninayoiendesha hadi leo, na mke wangu anaendesha Passo, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwenye magari hayo na kwa mafundi wake. Msimamo wangu ni kwamba kwa magari ya ukubwa huu tofauti ya mafuta ni ndogo kuliko watu wanavyoamini, na kinachoamua kama gari litakutunza au litakufilisi ni gia boksi, mfumo wa kupoza injini na barabara unayopita kila siku.

Tufanye hesabu kwanza. Kwenda na kurudi kazini, pamoja na mizunguko ya mwisho wa wiki, tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Passo iliyo katika hali nzuri, kwenye foleni ya asubuhi na jioni na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, nyumbani kwetu inatoa kilomita 13 hadi 14 kwa lita. IST ya cc 1,298 inatoa 11 hadi 12. Tukichukua 14 kwa 12, Passo itatumia lita 71 na IST lita 83, yaani tofauti ya lita 12. Ukiweka shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya hesabu tu, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi, hiyo ni shilingi 36,000 kwa mwezi na 432,000 kwa mwaka. Si fedha ya kudharau hata kidogo. Lakini gia boksi ikigoma, akiba hiyo ya miaka miwili au mitatu inaweza kuondoka kwa siku moja, na ndiyo maana sikubaliani na wachangiaji waliokushauri uangalie cc peke yake.

Vilevile usitumie takwimu za Japani zinazobandikwa kwenye matangazo ya yadi. Namba hizo za kilomita 20 na zaidi kwa lita zilipatikana kwenye maabara, kwa kipimo cha 10-15 na baadaye JC08, ambapo gari halibebi familia, halipandi vilima vya Goba na halisimami muda mrefu kwenye makutano huku kiyoyozi kikifanya kazi. Injini ndogo inaokoa mafuta ikiwa haisumbuliwi. Ukiwa na watu wanne, kiyoyozi na mlima, injini ya cc 996 inakulazimu ukanyage mafuta hadi karibu na mwisho, na hapo ile faida yake inapungua sana. Mke wangu anapita lami tupu na mara nyingi yuko peke yake, kwa hiyo Passo inamfaa kikamilifu. Mimi nisingeichagua kwa njia yako.

Sasa gia boksi, ambayo ndiyo sehemu ninayotaka uielewe vizuri kuliko zote. IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne. Passo ya kizazi cha kwanza, kuanzia 2004, nayo ina gia nne, lakini kizazi cha pili kilichoanza 2010 kina CVT, ambayo haina gia za kubadilisha bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. CVT si mbovu kwa asili yake, na ikitunzwa inaendesha gari kwa ulaini na kwa mafuta kidogo. Tatizo lake kwetu ni oili. Inahitaji oili yake maalumu, na fundi asiyejua akiweka oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unaanza kuteleza na puli zinakwaruzika taratibu, bila taa yoyote kuwaka mwanzoni. Hiyo Passo uliyoiona ikiwa imetoka Japani moja kwa moja, hatari hii ni ndogo. Ikiwa imeshatembea hapa mjini chini ya mmiliki mwingine, uliza ni nani alibadilisha oili ya gia na aliweka ipi, na ukijibiwa kwamba oili zote ni sawa, ondoka.

Unapoijaribu, usiishie kuzunguka yadi. Omba kuipeleka kwenye mlima, isimamishe katikati, kisha uiondoe polepole. CVT iliyochoka inavuma kwa sauti inayopanda na kushuka kufuata mwendo, au inatikisika kidogo kabla ya kushika. Kwa IST, acha injini ipate moto, kanyaga breki, toa P peleka D, na usubiri: gari zima linashika mara moja kwa ulaini, bovu linakawia kisha linaruka. Halafu, gari likiwa limesimama pahala palipo sawa na injini ikinguruma, chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Idondoshe kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Oili nzuri ina wekundu na haina harufu kali. Iliyoungua ni nyeusi na inanuka kama kitu kilichobabuka, na hapo hakuna punguzo la bei linalotosha.

Jambo la pili ni kupoza injini, na hapa ndipo mafuta mengi yanapopotea bila mwenye gari kujua. Mafundi wengi mtaani wana tabia ya kung'oa themostati, wakiamini kwamba kwa joto la Dar es Salaam haihitajiki. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Ikitolewa, maji yanazunguka tangu mwanzo, injini inakawia kupata moto, na sensa ya joto inaiambia kompyuta ya gari kwamba injini bado ni ya baridi. Kompyuta inatii na kuongeza petroli. Nimekuta ndugu na marafiki wanaolalamika kwamba Vitz yao inakula kama gari kubwa, wamebadilisha plagi, wamesafisha nozeli, kumbe tatizo ni kifaa hiki cha bei ndogo kilichotupwa. Kukijua si kazi: washa gari likiwa la baridi, kisha mara kwa mara gusa mpira wa chini wa rejeta, ukiwa mbali na feni. Unatakiwa ubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, halafu joto liingie kwa ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu tangu mapema, sambamba na mpira wa juu, themostati haipo au imekwama wazi.

Kabla hujawasha, fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi kabisa. Ukikuta kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, ya kijani, nyekundu au ya waridi, mwenye gari anajitahidi. Ukikuta maji ya kahawia, ujue rejeta inajazwa maji ya bomba na kutu imeshaanza kula njia za ndani. Injini hizi ndogo zina vichwa vya alumini, na joto likizidi hata kwa safari moja kichwa kinaweza kupinda.

Injini ya hiyo Passo ina silinda tatu, kwa hiyo inatetemeka kidogo gari likiwa limesimama, na hilo si ugonjwa. Ikitetemeka mpaka dashibodi inalia, mara nyingi ni maunti za injini, yaani raba zinazoishikilia, zimekufa, na zinapatikana Kariakoo bila shida. Injini za magari yako yote mawili zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, tofauti na Starlet za zamani, kwa hiyo gharama hiyo haikuhusu mradi oili ya injini inabadilishwa kwa wakati. Chini ya gari, sikiliza kwenye barabara mbovu: mlio wa kugonga mbele ni shokapu, boljointi au bushi, vitu ambavyo kwa IST kila duka la spea linavyo, vipya na vilivyotumika. Kwa njia ya vumbi ya kwenda kwako utavibadilisha tu, chochote utakachonunua.

Wachangiaji wengine wametaja Honda Fit, na ni gari zuri lenye nafasi ya ajabu ndani, kwa sababu tanki la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele na viti vya nyuma vinalala au kuinuka vyote. Lakini Fit ya kizazi cha kwanza, ya 2001 hadi 2007, ina CVT inayojulikana kwa kutikisika wakati wa kuondoka, na injini yake ya 1.3 ina plagi nane, mbili kwa kila silinda, kwa hiyo kila unapobadilisha unalipia mara mbili. Mwenye fundi anayeifahamu Honda atafurahi nayo. Nissan March, Suzuki Swift na Mazda Demio ni imara pia, ila spea zake utazitafuta kwa subira zaidi kuliko za Toyota, na wakati wa kuuza wanunuzi watakuwa wachache.

Kuhusu umri halisi wa gari, usiiamini mita ya kilomita, kwa kuwa kuirudisha nyuma ni jambo la dakika chache. Angalia mpira wa pedali ya breki, usukani ulivyosuguliwa, na kiti cha dereva kilivyobonyea upande wa mlango. Gari linalodai kilomita 70,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma. Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne kama 2319 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha weka mkono juu ya boneti, maana kuna matatizo ya injini yanayojificha ikishapata moto. Kwa IST hasa, uliza kama imefanya kazi ya teksi za mtandaoni. Hazifichiki: milango ya nyuma imelegea, viti vya nyuma vimechakaa kuliko cha abiria wa mbele, na vishikio vya ndani vimefifia. Gari la namna hiyo limeishi foleni kutwa, na kilomita zake hazielezi saa ambazo injini imenguruma bila kusogea.

Nyaraka ni jambo fupi lakini usiliruke. Jina kwenye kadi ya gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya chesisi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, na uangalie madeni ya trafiki na ya maegesho kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Mhamishe umiliki TRA mapema. Wale waliokushauri uagize mwenyewe wamesahau kwamba gari lenye zaidi ya miaka 10 linatozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Kweli, gari lisilozidi cc 1,000 halitozwi ule ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, lakini nafuu hiyo ni ya asilimia 5 tu, na kwa milioni 11 hesabu itakubana.

Kwa familia yako, vilima vyako na kile kipande cha vumbi, mimi ningeanza na IST, na Passo ningeirudia tu kama IST itashindwa majaribio niliyoyaeleza. Usimalizie fedha zote kwenye bei. Ukiipata kwa milioni 9.5, iliyobaki ibadilishe oili ya injini na ya gia, kulanti pamoja na themostati ya kweli, plagi, kisafisha hewa na breki pedi za mbele, kisha ukate bima. Kinachosalia kiweke kwa ajili ya tairi. Mwenye IST akikataa gari lipelekwe kwa fundi uliyemchagua wewe, mwache nayo, kwa kuwa IST nyingine mjini zipo tele.