Mwezi wa Kuja Pangani

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza ni mwezi gani uwalete wajukuu zangu waione Pangani ikiwa katika sura yake nzuri.

Nimekwambia tangu ukiwa mdogo kwamba pwani husomwa kwa upepo, si kwa kalenda. Kaskazi ikishika, tangu Desemba hadi karibu na Machi, bahari hutulia, maji yakawa mangavu, na ngalawa hufika mbali. Kisha huja maleleji, upepo usijue pa kwenda, na baada yake masika hushuka. Hapo mto wetu, unaoanzia huko Kilimanjaro na Meru, huleta udongo hadi mlangoni, na ukisimama karibu na kivuko cha Bweni utaona maji ya kahawia na ya kijani yamegusana bila kuchanganyika, katikati yake mkanda wa povu uliobeba majani na vijiti vya bara. Kusi, upepo wa kutoka kusini, nayo huleta ubaridi, mawimbi na mwani unaooza ufukweni.

Nikiitaja kusi siwezi kuuacha ule mvinje wa bembea yako. Ulikuwa na miaka tisa. Ulichomeka kijiti shinani, ukawa unakuja kila jioni kunieleza kwamba mchanga umeshuka vidole viwili, kisha kiganja, kisha mizizi imetoka nje, na mimi, nikijiona mjuzi wa bahari, nikakujibu kwamba kusi huuchukua mchanga kuupeleka kaskazini na kaskazi huurudisha. Usiku mmoja wa Juni, bamvua, yaani maji makuu, la mwezi mpevu likiwa limekutana na upepo, mti ulianguka. Asubuhi hukulia, uliikata kamba ya bembea, ukaikunja vizuri, ukanikabidhi. Januari mchanga ulirudi kweli, kama nilivyosema, lakini jibu langu halikuwa jibu la ulichokuwa ukiniambia. Jambo hilo bado linanichoma.

Kwa hiyo nikikwambia uje Januari, nitakuwa nimewaonyesha watoto bahari iliyolala tu. Lakini pia, kwa nini nimtese mtoto wa miaka minne kwa upepo na harufu ya mwani? Labda Septemba, kusi inapopungua na ndege wa sululu wakianza kurudi kutoka nchi za baridi, wakichokoa kaa kwa midomo yao iliyopinda kwenye tope la mikoko. Hata hivyo, Septemba hawatauona mto ukiwa na rangi ya udongo, na mimi nautaka sana wauone. Nasema tena: ni upepo, si kalenda. Ninao mwezi wangu moyoni, na kalamu inanivuta niutaje, lakini ninyi ndio mnaojua likizo za watoto na afya zao, kwa hiyo nauzuia mkono wangu.

Wakati wowote mtakaochagua, angalieni mwezi mwandamo au mpevu, ili maji yakitoka yatoke kabisa na watoto watembee juu ya mchanga hadi mbali.

Pale penye shina la zamani pameota mvinje mdogo, unanifika kifuani. Jana nimechomeka kijiti shinani mwake. Nitakuandikia vipimo kila wiki.

Baba yako